Samaki wa Kulamba Mawe

Mdomo wake uko chini ya kichwa, si mbele kama wa samaki wengine. Ukimgeuza chali utaona midomo miwili minene, iliyokunjika kama pindo la gauni, na ndani yake huoni jino hata moja. Kuna ukwaru tu, kama ulimi wa paka. Samaki huyu haumi. Haji kwenye ndoana hata umwekee nyungunyungu aliyenona namna gani. Anaishi kwa kulamba. Jua likishaingia majini asubuhi, anapanda juu ya mawe, kichwa chini mkia juu, analamba ule ukoga wa kijani unaotelezesha watu, anasogea kidogo, analamba tena. Nyuma yake jiwe linabaki na alama nyeupe za midomo, mstari baada ya mstari. Ukiziona alama ni mpya, yupo karibu. Zikiwa zimeanza kurudia kijani, alipita juzi. Nenda zako, usipoteze siku.

Haya nayajua tangu nikiwa na miaka sita. Nimezaliwa Kiambi, kando ya mto Luvua, na kwetu kumkamata samaki huyu ni kazi ya wanawake. Wanaume walikuwa na nyavu, mitumbwi na majivuno. Sisi tulikuwa na vikapu na macho. Nasema hivi mapema ili ijulikane kwamba sikuwa nabahatisha. Kila nilichofanya mwaka ule nilikifanya nikijua, na ndiyo sababu mpaka leo kinaniuma.

Niliolewa mwaka wa sitini, miezi michache baada ya uhuru, nikaja kuishi Kalemie, mji ambao karatasi zote wakati ule bado ziliuita kwa jina la mfalme wa Wabelgiji. Mume wangu alikuwa katika kikosi cha kutengeneza reli, wale wanaotoka alfajiri na toroli kukaza misumari na kubadilisha mbao zilizooza. Tulikaa kwenye kampi ya reli, nyumba ya matofali ya vyumba viwili: kimoja chetu, kimoja cha mama yake.

Mama mkwe alikuwa mtu wa Moba, mtu wa ziwa. Baba yake alivua, mume wake alivua mpaka akafa, na kwake yeye samaki maana yake ilikuwa mikebuka wa ziwani, au ndagala wakavu waliochomwa na jua juu ya mchanga. Mtoto alikuwa na mmoja tu, yule aliyenioa. Siku ya kwanza nilipompikia samaki wa mtoni, aliisukuma sahani kwa kidole kimoja.

“Hii samaki iko na mudomo ya muntu mwenye anaombaomba,” alisema. “Inakula matope. Nani anakula kitu yenye inakula matope?”

“Haikule matope, Mama. Inalamba mawe.”

“Basi ni masikini kupita vile nilifikiri.”

Mume wangu alicheka mpaka akakohoa, akala sahani zote mbili. Samaki yule ana miiba mingi ya pacha, inayojificha ndani ya nyama, na mume wangu alikuwa na subira ya ajabu. Aliitoa mmoja mmoja, akaipanga ukingoni mwa sahani kama mtu anayepanga misumari yake ya kazi. Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka minne. Mtoto hatukupata. Mama mkwe hakunitukana kwa ajili hiyo, lakini hakuniita kwa namna yoyote ila “wewe”. Wewe leta maji. Wewe funga mlango. Nami nilikuwa na kiburi changu cha Kiambi, sikumbembeleza.

Vita sitaieleza. Walioieleza ni wengi, na kila mmoja ana watu wake wabaya. Sisi wa kampi tulijua hivi tu: mwaka wa sitini na nne walikuja wenye bunduki wa kwanza, kisha wakaja wa pili kuwafukuza wa kwanza, na wote walikuwa na orodha zao. Siku moja ya kiangazi mume wangu alikunywa chai bila sukari, akainung’unikia ile chai, akatoka. Jioni alikuja mwenzake wa kikosi. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

“Walikamata watu tano kwenye daraja ya muto Lukuga,” alisema. “Yeye pia. Sisi tulikimbia chini ya reli. Tulisikia. Hatukuona.”

Maneno yake yalikuwa hayo tu. Mimi nikashika “hatukuona”. Mama mkwe akashika “tulisikia”. Tukaishi nyumba moja, kila mtu na neno lake.

Nilitegemea atalia, nikajiandaa kumkatalia. Nilitaka kumwambia mwanawe amejificha porini, atarudi kupitia kijiji cha Bendera, wapo wengi waliorudi hivyo. Hakulia. Majirani walipokuja na mikeka ya kukalia matanga aliwarudisha mlangoni. “Matanga ya nani?” aliwauliza. “Nani alimuosha? Muntu hajaoshwa, mutamulilia namna gani?” Kwao maiti huoshwa na watu wake kwanza, ndipo kilio kinaanza, anayelia kabla anamzuia marehemu njiani. Basi nyumba yetu haikuwa na msiba wala haikuwa haina msiba. Watu walipita wakishusha sauti, hawajui waseme pole au waulize habari.

Lakini yeye alijua mwanawe yuko wapi. Yuko majini, alikotupwa chini ya daraja. Tangu siku ile hakula tena kitu kilichotoka majini.

Hakuwa peke yake. Mji mzima ulishikwa na wazimu ule, kama ulikuwa wazimu. Ilisemekana mtu fulani alipasua samaki akakuta kifungo cha shati. Ukimuuliza aliyesema, yeye alisikia kwa shemeji yake. Shemeji alisikia sokoni. Lisemwalo lipo, watu walisema, na wakaacha kununua. Ndipo wauza samaki wakaanzisha desturi ambayo sijaiona tena popote: unachagua samaki wako, muuzaji anampasua mbele yako juu ya jani la mgomba, mnaangalia tumboni wote wawili, halafu ndiyo mnazungumza bei. Hata ndagala, ambaye ni mdogo kuliko kidole cha mtoto, walimfungua kwa kucha. Angemeza nini yule? Tungekuwa na moyo wa kucheka tungecheka.

Mama mkwe hakutaka hata kusogea sokoni. Maji ya kupikia alitaka ya robine tu, ya bomba, ya ziwani asiyaone. Sikumwambia robine inatoa wapi maji yake. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza, na niliusema kwa kunyamaza.

Tulibaki na bugali ya muhogo na sombe, majani ya muhogo, isiyo na mafuta. Treni ya kutoka Kabalo haikuja, maharage hayakuonekana; kuku wa kampi waliliwa na wenye bunduki, wa kwanza na wa pili. Mimi nilikuwa kijana, nilistahimili. Yeye miguu ilivimba, kisha uso. Nywele zikawa nyepesi, zenye rangi ya kutu. Nilimpeleka dispanseri kwa kumshika kiuno, tukapumzika kila baada ya nyumba tatu. Munganga alibonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Alipotoa kidole, shimo likabaki palepale kama kwenye unga uliokandwa.

Aliniita nje. “Dawa sina, na ningekuwa nayo haingesaidia,” alisema. “Mupatie samaki, ao nyama, ao maharage. Kimoja tu. Ukikosa, mama huyu haoni Noeli.”

Nilirudi nyumbani na hasira, sijui nilimkasirikia nani. Nadhani yeye. Nilimwona amekaa kizingitini, miguu imemjaa kama magunia, na nikafikiri: mtu huyu anataka kufa kwa ajili ya mtu ambaye hajafa. Akifa nitamwambia nini mwanawe akirudi? Kwamba mama yako alikataa samaki, nami nikamwangalia?

Hapo ndipo nilipomkumbuka mlamba mawe.

“Mama,” nilisema, “iko samaki moja yenye haikule muntu. Haiwezi hata ikitaka. Haina meno.”

“Samaki yote inakula.”

“Hii inakula ukoga. Nitakuletea muzima, nitapasua mbele yako. Ukiona kitu yoyote ndani, nitupe nje ya nyumba pamoja nayo.”

Alisogeza miguu kizingitini nipite na kikapu. Sidhani aliniamini. Nadhani alichoka tu.

Mahali pa mawe palikuwa mwendo wa saa moja, kuufuata mto Lukuga unavyotoka ziwani kando ya reli, penye maporomoko madogo. Kiangazi maji yalikuwa safi hadi chini. Niliziona alama za midomo kabla ya kuwaona wenyewe, nikasimama pale mtoni peke yangu nikatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu siku ya kofia mlangoni. Kazi yetu ni hivi: unaweka kikapu mdomo wake ukielekea mawe, unazunguka polepole kutoka upande wa kina, hupigi kelele, unakisogeza kivuli chako tu. Samaki anayelamba hatazami juu. Anaona giza linakuja, anarudi kwenye ufa wa jiwe, na ufa umeziba kwa kikapu. Nilipata wawili, nikawabeba wazima ndani ya ndoo.

Nilipasua wa kwanza mbele yake kama nilivyoahidi. Utumbo wa samaki huyu ni mrefu ajabu, kwa sababu chakula chake ni chepesi na lazima kisafiri sana ndipo kitoe kitu. Samaki wa urefu wa mkono wangu, kutoka kiwiko mpaka vidole, ana utumbo wa kuzunguka fremu ya mlango. Niliukunjua wote juu ya ungo, mzunguko kwa mzunguko. Niliuminya kwa vidole tangu mwanzo hadi mwisho, kilichotoka nikakitia ndani ya sahani nyeupe yenye maji. Ulikuwa uji wa kijani, na chembe za mchanga zikazama chini. Harufu yake ni ya majani yaliyonyeshewa. Mama mkwe aliinama juu ya sahani, akaingiza kidole, akakisugua na kidole kingine, akanusa.

“Njo hii tu?” aliuliza, kama ndiyo hiyo tu, hakuna kingine.

“Njo hii tu, Mama.”

Alikula vidole viwili vya nyama usiku ule, akalala. Kesho yake alikula nusu ya samaki. Tangu hapo ikawa desturi ya nyumba yetu: ungo, sahani nyeupe, kidole chake majini, “njo hii tu?”, “njo hii tu”. Sikuruhusiwa kuweka sufuria motoni kabla. Katika wiki ya tatu maji ya miguu yalianza kushuka. Mwezi ulipokwisha alifagia mlango wake mwenyewe, vibaya, nami nikafagia tena akiwa amelala ili asijue.

Siku moja nilikuwa nasuuza ile sahani, nikamsikia nyuma yangu: “Mutoto yangu, pumzika kidogo.” Miaka minne, na leo mutoto yangu. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nilijifanya moshi umeniingia machoni, na moto wenyewe haukuwapo.

Lakini kuna jambo sikumwambia, na nilikuwa nalijua tangu utoto. Ni kweli samaki yule anaishi kwa ukoga. Ila ukoga hauoti juu ya mawe tu. Unaota juu ya kila kitu kigumu kinachokaa majini na kuona jua: nguzo za gati, mtumbwi uliozama, sufuria iliyotoboka. Samaki hachagui. Pale penye kijani anaweka midomo. Mimi niliposema “inalamba mawe” nilisema kweli, nikaikata katikati kama ninavyomkata yeye mwenyewe, nikatupa upande mmoja.

Mvua zilipoanza, mto ulibadilika. Maji yakawa ya rangi ya chai ya maziwa, jua halikufika chini, ukoga ukafa juu ya mawe. Mlamba mawe wakati huo huwa mtu wa kusikitisha: kichwa kikubwa, tumbo bapa, analamba tope na majani yaliyooza kwa kukosa jingine. Nilimpasua mmoja wa namna hiyo juu ya ungo, na kilichotoka kilikuwa cheusi, kina nyuzinyuzi. Mizizi tu. Mama mkwe alirudisha kidole kabla hakijagusa.

“Sasa hii inakula nini?”

“Matope, Mama. Mvua imeharibu.”

Hakula. Kesho yake hakula pia. Siku ya tatu nilimwona anajibonyeza mguu kwa siri, anaangalia kama shimo linabaki.

Basi nikafanya kile ambacho mama yangu na mama yake walikifanya Kiambi kila masika. Sisi watu wa Luvua, mto ukichafuka, tunalima. Unatafuta kidimbwi cha pembeni, mahali kijito kisafi kinapoingilia mtoni, unaweka humo vitu vyeupe ili ukoga uote na samaki waje kutoka kwenye maji machafu. Jiwe linachukua wiki mbili kushika kijani. Vipande vya sahani, siku kumi. Mfupa, siku nne. Mfupa una unono wake, na ukoga wake unakuwa mzito kama velveti. Samaki wakishauonja hawaondoki. Mama yangu alitumia mifupa ya nyati. Kwetu hakuna aliyeona ubaya, ilikuwa mbolea tu.

Kuna mtu mwenye akili timamu angeweka mifupa majini mwaka ule, katika mto ule? Sasa naona. Siku zile niliona miguu ya mama mkwe tu. Nilikwenda machinjioni, nikaomba vichwa viwili vya ng’ombe vilivyokwisha nyama na mifupa kadhaa ya mapaja, nikavibeba kwenye gunia kabla watu hawajatoka, nikavipanga kidimbwini, paji la uso likitazama jua. Siku ya nne vilikuwa kijani. Siku ya tano samaki walikuja. Wiki moja baadaye niliukunjua utumbo mnono, wa kijani kibichi, juu ya ungo, na mama mkwe akasema “njo hii tu”, safari hii bila kuuliza, akala.

Alipata nguvu nyingi mno. Hilo ndilo sikulipima. Asubuhi moja nilitoka bila kula kitu, yeye akaamka, akaona muhogo wangu umebaki karibu na majivu, akaufunga kwenye kitambaa akanifuata. Yule ambaye miezi miwili nyuma alipumzika kila nyumba tatu, alitembea saa nzima kando ya reli ili mimi nisifanye kazi na njaa.

Nilikuwa nimesimama majini mpaka magotini, nimeinama na kikapu. Niliona kivuli ambacho si changu. Nilipoinua kichwa alikuwa ukingoni, kitambaa mkononi, anatazama ndani ya maji. Kidimbwi kilikuwa safi kama kioo cha dirisha. Chini yake kichwa cha ng’ombe, na juu ya kichwa kile samaki watano au sita, mikia juu. Wawili walikuwa kwenye paji la uso. Mmoja alikuwa ameingiza midomo ndani ya tundu la jicho, analamba ukingo wake polepole, bila haraka yoyote.

“Ni ya ngombe, Mama,” nilisema. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu aliyekamatwa anaiba. “Nilitoa kwenye machinjio. Ni ya ngombe tu.”

Aliendelea kuliangalia lile tundu la jicho.

“Kwetu njo tunafanya vile. Mama, ni ngombe.”

Alikaa chini juu ya majani yenye umande, miguu yake ikiwa imenyooka mbele yake kama ya mtoto. Mimi nilibaki majini. Nilijua nimemuua. Miezi miwili ya kupanda na kushuka mto ule, na sasa atarudi nyumbani afunge mdomo, na safari hii hakuna samaki wa kumfungua. Nilitaka kuurusha ule mfupa katikati ya mto. Niliogopa hata kusogeza mguu.

Alikaa hivyo mpaka jua lilipopanda. Samaki walirudi, kwa kuwa sikusogea. Walisahau kwamba mimi ni mtu. Ndipo akaanza kuuliza, taratibu, kwa sauti ambayo hatukuwa tumeitumia nyumbani.

“Haiume?”

“Haiume, Mama. Haina meno.”

“Ile mufupa, inaivunja?”

“Hapana. Inalamba ya juu tu. Ile kijani.”

“Ikimaliza?”

“Inabakia safi. Nyeupe.”

“Halafu?”

“Halafu kijani inarudia, nayo inarudia. Kila asubuhi.”

Alitikisa kichwa, si kwa kukataa. Kama mtu anayesikia bei aliyoitarajia. “Na ya mawe, vile vile? Na ya huko chini, kwenye daraja?”

Ningeweza kudanganya. Uongo nilikuwa nao tayari mdomoni, na ulikuwa uongo mzuri. Lakini alikuwa amenibebea muhogo.

“Vile vile, Mama. Kila kitu yenye iko ndani ya maji.”

“Kila asubuhi,” alisema.

“Kila asubuhi.”

Alikunja kitambaa juu ya muhogo, akakiweka vizuri kando yake.

“Basi ameoshwa,” alisema mama mkwe. “Mutoto yangu ameoshwa. Watu hawakumuosha, samaki imemuosha.” Na hapo, ukingoni mwa mto, akaanza kulia. Alilia kwa sauti yote, kilio cha msibani hasa, kile cha kuita jina na ukoo, kilichokuwa kimemkaa kifuani tangu kiangazi. Watu waliokuwa wakipita relini walisimama, wakavua kofia.

Matanga yalikaa nyumbani siku saba. Majirani walirudi na mikeka yao, safari hii wakaingia. Mama mkwe alinyolewa, alikaa katikati ya wanawake, alipokea pole, na alikula. Alikula kila alicholetewa, mpaka ndagala. Mimi nilipika, nilichota maji, nilitwanga, niliwasha moto. Mtu wa nje angedhani mimi ni mpishi wa kukodiwa. Siku ya kwanza aliniita akanipa kitambaa cheusi cha kujifunga.

“Ni ya nani, Mama?”

“Yako.”

“Mimi bado.” Nilisema hivyo, bado, kana kwamba ameniuliza kama nimeshakula. “Hatukuona, Mama. Yule papa wa kofia alisema hawakuona.”

Alinishika mkono, wala hakukasirika. “Kila siku ulinipasulia samaki,” alisema, “ulinionyesha kama haikumukula. Ulikuwa unatafuta nani ndani ya ile tumbo, mutoto yangu?”

Nilijifunga kile kitambaa, nikarudi jikoni, lakini nilijifunga kama mtu anayevaa nguo ya kuazima.

Siku ya saba ni siku ya kumwosha mjane. Wanawake wazima humpeleka mtoni, humvua alichovaa siku zote za msiba, humwagia maji kichwani, kisha humpa nguo nyingine. Wanawake wengine walitaka tushuke karibu na kampi. Mama mkwe alikataa, akatuongoza kando ya reli saa nzima mpaka kwenye kidimbwi changu. Mifupa ilikuwa palepale. Nilisimama majini mpaka magotini, uchi, mikono kifuani, wanawake wanne ukingoni wamenipa mgongo kwa adabu. Yeye aliingia na mimi. Alichota maji kwa kibuyu akanimwagia, akachota tena. Maji yalipotulia kati ya kibuyu na kibuyu, nilihisi kitu kwenye kisigino.

Nilidhani ni jani. Kisha kikaja kingine, kwenye kifundo cha mguu, kisha kwenye ugoko. Midomo. Milaini, yenye ukwaru kidogo ndani, inagusa, inasogea, inagusa tena. Maisha yangu yote niliwakamata samaki wale, niliwapasua, niliwala, na sikuwahi kukaa kimya majini muda wa kutosha wanilambe. Haikuuma hata kidogo. Walifanya kazi yao tangu kisigino kwenda juu, kwa uangalifu, kama wanavyofanya kwenye kitu chochote kile.

Ndipo nilipojua kwamba mume wangu amekufa. Sikujua kwa yule mtu wa kofia wala kwa kitambaa cheusi. Niliisikia kwenye ngozi yangu mwenyewe, na nikajua pia ilivyo, pale alipo, kila asubuhi.

Nilianza kutetemeka. Mama mkwe alisimamisha kibuyu.

“Maji iko baridi?” aliniuliza.

“Ndiyo, Mama,” nilisema. “Iko baridi sana.” Na sikuutoa mguu.